Kaka yangu ameugua saratani ya korodani. Je, nami nimeirithi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Bombo, Uganda, kazi yangu ni fundi wa magari. Mwaka jana kaka yangu wa baba mmoja, mama mmoja, mwenye miaka 32, aligunduliwa ana saratani ya korodani. Alitolewa korodani moja pale hospitali ya Mulago, akawekewa dawa kwa dripu, na sasa anaendelea vizuri. Tatizo liko nyumbani. Shangazi zangu wanasema ugonjwa huu umeletwa na mama, kwa kuwa mjomba wetu alikufa na uvimbe huko huko chini miaka ya tisini. Mama analia kila siku. Nina ndugu wengine watano wa mama mwingine, nao wameingiwa na hofu. Je, ni kweli saratani hii hurithiwa? Kuna kipimo cha damu cha kujua kama ninayo? Na mtoto wangu wa miezi 7 ana korodani moja tu kwenye mfuko. Je, hiyo ni dalili kwamba naye ameirithi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na swali uliloliweka mwisho, kwa sababu ndilo lenye haraka kuliko mengine yote: mtoto.

Korodani za mtoto wa kiume hazianzii kwenye mfuko. Hutengenezwa ndani ya tumbo, jirani na figo, kisha huteremka polepole hadi kinenani na kuingia mfukoni katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Kwa watoto waliozaliwa baada ya kutimiza miezi yao, kama 3 kati ya 100 huzaliwa korodani moja au zote mbili zikiwa bado njiani. Wengi wao hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Ikishapita miezi sita, nafasi ya kushuka yenyewe inakuwa ndogo sana. Wako ana miezi saba. Kwa hiyo usisubiri tena, na usimsikilize mtu atakayekuambia itashuka akibalehe.

Kwanza muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, mikono yako ikiwa na joto, halafu tazama vizuri. Kuna watoto ambao korodani huvutwa juu na baridi au woga, na zikipata joto hurudi mahali pake. Hao hawahitaji kisu, ila daktari awatazame kila mwaka. Kama haionekani hata hapo, omba barua ya rufaa umuone daktari wa upasuaji wa watoto. Mulago wapo, Mbarara wapo. Usitumie pesa zako kwenye altrasaundi kabla ya kumuona, maana mara nyingi mkono wa daktari aliyezoea kazi hiyo unatosha. Upasuaji wenyewe ni mkato mdogo kinenani: korodani inateremshwa na kushonewa ndani ya mfuko isipande tena. Wakati mzuri ni kati ya miezi 6 na miezi 18.

Sababu ya kukuhimiza hivi ni kwamba korodani inayobaki juu hukaa kwenye joto la mwili lisiloifaa, na mbegu zake hudhoofika mapema. Vilevile, mwanamume mwenye historia hiyo ana uwezekano wa saratani ya korodani karibu mara nne ya wengine. Utafiti mkubwa wa Sweden uliotoka mwaka 2007, uliofuatilia wanaume karibu 17,000 waliofanyiwa upasuaji huo, ulionyesha kwamba waliofanyiwa kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari kama mara mbili ya watu wa kawaida, na waliofanyiwa baada ya umri huo ilikuwa zaidi ya mara tano. Tena korodani ikiwa mfukoni, mwenyewe ataweza kuishika akiwa mkubwa na kujua kama kuna kitu kimebadilika. Ikiwa tumboni, hakuna anayeiona.

Lakini hapana, si dalili kwamba amerithi saratani. Ni hali inayowapata maelfu ya watoto, na wengi wao hawatakaa waugue ugonjwa huu maisha yao yote. Kwa mtoto ambaye baba yake mkubwa ameugua, ni sababu tu ya ziada ya kutochelewa.

Sasa turudi kwako. Ndiyo, saratani ya korodani ina sehemu ya kurithi, na sehemu hiyo ni kubwa kuliko ya saratani nyingi nyingine. Watafiti wa nchi za Skandinavia, ambako kila mtu na ukoo wake wameandikishwa tangu zamani, walilinganisha mapacha na familia nzima nzima, wakaona kwamba kati ya theluthi moja na nusu ya tofauti ya hatari baina ya mtu na mtu inatokana na vinasaba. Ndugu wa kiume wa mgonjwa ana hatari iliyozidi ya kawaida kwa kati ya mara 4 na mara 10, kutegemea utafiti. Mtoto wa kiume wa mgonjwa naye hatari yake huongezeka, ila kwa kiasi kidogo kuliko ndugu.

Ukisoma "mara 8" usiku ukiwa peke yako na simu, utadhani umeshahukumiwa. Kwa hiyo tuigeuze hesabu hiyo iwe watu. Katika nchi hizo za kaskazini mwa Ulaya, ambako ugonjwa huu umeenea kuliko kwingine duniani, ndugu 2 au 3 kati ya 100 wa wagonjwa ndio wataugua mpaka uzeeni. Waliobaki, 97 au 98, hawataugua. Hizo ni hesabu za huko. Denmark na Norway hupata wagonjwa wapya wapatao 10 au zaidi kwa mwaka katika kila wanaume 100,000. Kwa hapa Uganda, daftari la saratani la Kampala, lililoanza kuandika wagonjwa miaka ya 1950, linaonyesha kwamba hata mmoja kwa wanaume 100,000 hafiki. Ukizidisha kitu kidogo kiasi hicho, hata mara kadhaa, bado unabaki na kitu kidogo.

Jambo jingine linaloshangaza wengi: kati ya wagonjwa wote wa saratani hii, ni kama 2 tu katika 100 walio na ndugu wa karibu aliyewahi kuugua. Wengine wote ni wa kwanza kwao. Kaka yako alikuwa mmoja wa hao.

Kinachorithiwa hasa ni nini? Watu wengi wakisikia "ya kurithi" wanafikiria selimundu, ambayo jeni moja yenye kasoro ikitoka kwa baba na nyingine kwa mama, mtoto anaugua. Au wamesikia habari za saratani ya matiti, ambapo jeni moja iliyoharibika inaweza kupitia familia kizazi baada ya kizazi. Saratani ya korodani haiko hivyo. Wanasayansi wameitafuta jeni moja kubwa ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka 20 bila kuipata. Mwaka 2000 walitangaza kwamba sehemu fulani ya kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, ina mshukiwa, kwa sababu waliona ndugu wa tumbo moja wanaathirika zaidi ya baba na mwana, na baba humpa mwanawe wa kiume Y, hampi X. Familia nyingi zaidi zilipochunguzwa, ushahidi huo ukayeyuka.

Walichokuja kupata ni vipande vidogo vidogo vingi. Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti, moja la Uingereza na jingine la Marekani, yalitoa majibu yanayofanana: jeni iitwayo KITLG iliyoko kwenye kromosomu ya 12, na nyingine iitwayo SPRY4 kwenye kromosomu ya 5, huwa na tofauti ndogo za herufi, yaani za maandishi ya jeni yenyewe, ambazo huonekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa watu wazima wa afya. Kufikia mwaka 2021 sehemu za namna hiyo zilizojulikana zilikuwa zimefika 78. Kila moja inaongeza hatari kidogo tu, na mtu hubeba baadhi na kukosa baadhi. Ni kama debe la maharage linalojazwa punje kwa punje: hakuna punje moja utakayoinyooshea kidole ukasema hii ndiyo iliyolijaza.

Mimi hupenda kueleza kazi ya jeni hizo, kwa sababu ukiielewa unaelewa pia kwa nini ugonjwa huu huwakamata vijana. Mtoto akiwa bado tumboni, wiki za mwanzo kabisa, seli zitakazokuja kutengeneza mbegu za kiume huwa ziko mbali, nje ya mahali korodani zitakapokuwa. Zinasafiri. KITLG hutoa ujumbe unaoziongoza njia na kuziweka hai, na SPRY4 hukaa kama breki ya ujumbe huohuo. Jeni nyingine katika orodha, DMRT1, huhusika na kuifanya korodani iwe korodani. BAK1 husaidia seli mbovu ife. TERT hutunza ncha za kromosomu zisilike seli inapogawanyika. Mambo haya yote yakienda sawa, seli ile ya mwanzo hukomaa na kuingia katika kazi yake. Mara chache sana moja hukwama, haikomai, ikabaki na tabia za utoto ndani ya korodani ya mtoto anayecheza na kwenda shule bila dalili yoyote. Balehe ikifika, homoni huiamsha. Kwa hiyo saratani hii huonekana zaidi kati ya miaka 15 na 44. Ina aina kuu mbili, seminoma na isiyo seminoma. Isiyo seminoma hupatikana sana kwa walio katika miaka ya ishirini, na seminoma kwa walio katika miaka ya thelathini.

KITLG ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine zote. Nakala moja tu ya herufi yake ya hatari huongeza uwezekano zaidi ya mara mbili, kiasi ambacho ni nadra kukiona kwa tofauti ndogo kama hizo katika saratani yoyote. Jeni hiyohiyo hushughulika pia na seli za rangi ya ngozi. Herufi ya hatari hupatikana kwa Wazungu wengi sana, kama 8 kati ya 10 ukihesabu nakala, na kwa watu wenye asili ya Afrika ni chache mno kulinganisha. Hiyo ni sehemu ya maelezo ya kwa nini Wamarekani weusi, ambao wameishi nchi moja na weupe kwa karne nyingi, huugua saratani hii kama mara moja tu pale weupe wanapougua mara nne au tano.

Nimeleta habari hiyo kwa ajili ya mama yako. Tazama: kipande chenye nguvu kuliko vyote hubebwa na watu wengi wazima wa afya. Vingine 77 vimetawanyika katika kila ukoo, wa shangazi zako ukiwemo. Kaka yako alipata nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Kromosomu Y, ambayo nayo ikikatika kipande fulani huongeza hatari kidogo, hutoka kwa baba peke yake. Hakuna daktari duniani anayeweza kuchukua saratani ya kaka yako akaipasua katikati, akasema upande huu umetoka kwa mama. Wala hakuna mtu "aliyeileta". Nasema hivi nikijua jinsi maneno ya ukweni yanavyoweza kumfanya mwanamke aishi kama mtuhumiwa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kama shangazi zako wanakuheshimu, wakalishe uwaambie kwamba daktari amesema hivyo. Kama hawakusikilizi, mpe kaka yako kazi hiyo. Yeye ndiye aliyeugua, na neno lake lina uzito kuliko la mtu mwingine yeyote.

Kuhusu mjomba, uvimbe wa huko chini una mambo mengi. Kaskazini na mashariki mwa nchi yetu minyoo ya matende imewapa wanaume wengi busha. Kifua kikuu huweza kushuka mpaka kwenye korodani, na miaka ya tisini, Ukimwi ulipokuwa ukiua watu bila dawa, kilikuwa kimesambaa sana. Kuna ngiri. Kuna limfoma, saratani ya seli za kinga ya mwili, ambayo ndiyo inayotokea zaidi kwenye korodani za wazee. Bila karatasi ya maabara iliyopima nyama ya uvimbe ule, mjomba hawezi kuingizwa katika hesabu ya saratani ya familia yenu. Muulizeni bibi au mtu mzima yeyote aliyemuuguza: alikuwa na umri gani, uvimbe ulikaa muda gani, ulikuwa na maji au mgumu. Uvimbe wa miaka kumi uliojaa maji si habari ya saratani. Uvimbe mgumu uliomuua kijana wa miaka 30 ndani ya mwaka mmoja, huo uandike, na umwambie daktari wako.

Ndugu zako wa mama mwingine wanachangia nanyi baba tu, kwa hiyo vinasaba mnavyoshirikiana ni nusu ya vile unavyoshirikiana na kaka yako. Hatari yao imepungua kwa kiasi hicho, na ukianzia na udogo wa ugonjwa huu kwetu, waambie wafanye kazi zao na walale usingizi. Binamu, wa upande wowote, wako mbali zaidi. Mimi huona familia zetu kubwa zikigawana hofu sawasawa kwa kila mtoto wa boma, na haigawanywi sawasawa. Anayestahili kuwa macho ni wewe, ndugu yeyote mwingine wa kiume mliyezaliwa naye baba na mama mmoja, na watoto wa kiume wa kaka yako.

Kipimo cha damu. Najua hili ndilo ulilokuwa umeliwekea matumaini, na jibu langu ni usinunue. Hakuna kipimo cha vinasaba kinachopendekezwa kwa ndugu wa mgonjwa wa saratani ya korodani, hapa wala Ulaya. Kipimo kinaweza kuhesabu vile vipande 78, lakini majibu yake yatakuambia tu kwamba hatari yako ni ndogo au ndogo kiasi, na lolote kati ya hayo mawili utakachotakiwa kufanya kesho yake ni kilekile. Aidha, tafiti zilizovigundua zilifanywa kwa sehemu kubwa kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo mizani yake haikutengenezwa kwa ajili ya mwili wako. Mwaka 2019 jeni nyingine, CHEK2, ilitajwa kuwa na mchango wa wastani kwa baadhi ya wagonjwa. Hata hiyo haijabadilisha ushauri. Ukiona kampuni mtandaoni inakuuzia kipimo cha mate kwa dola mamia, pesa hizo zipeleke kwenye nauli na matibabu ya mtoto.

Vilevile usiende maabara kuomba upimwe AFP na hCG ukiwa mzima. Hizo ni protini ambazo uvimbe fulani huzitoa kwenye damu, na madaktari huzitumia kumfuatilia mtu ambaye tayari ana uvimbe. Mtu asiye na uvimbe hazimwambii kitu cha maana, na AFP hupanda pia kwa ugonjwa wa ini, ambao kwa sababu ya homa ya ini aina ya B si mgeni kwetu. Nimeona wanaume wakikosa usingizi wiki nzima kwa namba ambayo haikuwa na uhusiano wowote na korodani.

Kinachobaki ni mikono yako. Kwa wanaume wote kwa jumla, wataalamu wa Marekani hawapendekezi uchunguzi wa mara kwa mara kwa mtu asiye na dalili, kwa sababu ugonjwa ni nadra na hutibika hata ukikutwa baadaye kidogo. Kwa ndugu wa mgonjwa mimi nashauri vingine: jizoeze. Mara moja kwa mwezi, ukitoka kuoga maji ya moto mfuko ukiwa umelegea, shika korodani moja kati ya dole gumba na vidole, uizungushe polepole, kisha nyingine. Ya kawaida ni laini kama yai lililochemshwa na kumenywa, haina kingo. Nyuma yake juu utakuta kamba laini iliyojikunja. Hiyo ni njia ya mbegu, usiishtukie. Moja kuning'inia chini ya nyingine ni kawaida, na moja kuwa kubwa kidogo pia. Unachotafuta ni badiliko: kijipu kigumu kama punje ya mahindi ambacho hakiumi, korodani nzima kuwa ngumu au nzito, maumivu ya chini kwa chini yasiyoondoka. Matiti kuvimba bila sababu kwa kijana nako kusidharauliwe, kwa kuwa baadhi ya uvimbe hutoa hCG, homoni ileile ya ujauzito.

Ugonjwa huu kutokuumiza ndio unaowaponza vijana wetu. Ukiumia unakimbilia kliniki. Usipoumia unaendelea na kazi. Halafu siku unapigwa mpira pale, unajishika, unakuta kitu, na familia nzima inasema mpira ndio umeleta saratani. Mpira umekuonyesha tu kilichokuwepo. Boda boda, suruali ya kubana, simu mfukoni, kutahiriwa au kutotahiriwa, hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye ushahidi wa kuleta saratani hii. Mazingira yana mchango, hilo ni kweli: katika Skandinavia ugonjwa ulipanda katika karne ya 20 kwa kasi ambayo vinasaba haviwezi kuifikia, na wanaume waliozaliwa Denmark miaka ya Vita vya Pili vya Dunia waliugua kidogo kuliko waliowatangulia na waliowafuata. Watafiti wengi huutazama ujauzito, maisha ya mama na mtoto kabla ya kuzaliwa. Hakuna katika hayo kitu ambacho wewe, mtu mzima wa miaka 27, unaweza kukibadilisha leo.

Ukikuta badiliko, usizidishe wiki mbili bila kumuona daktari. Na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo ninapoona wagonjwa wanaharibikiwa. Kwa kuwa saratani hii ni nadra nchini, mhudumu wa kituo cha afya anaweza asiifikirie kabisa. Atakupa antibiotiki. Zikishindwa atakupa nyingine, au atasema ni busha. Mwambie tangu mwanzo: kaka yangu alitolewa korodani kwa saratani, naomba altrasaundi ya korodani. Altrasaundi haiumizi, inapatikana katika miji mingi, na kwa dakika chache huonyesha kama uvimbe uko ndani ya korodani au nje yake, kama ni maji au nyama. Usikubali mtu akuchome sindano kwenye uvimbe huo kutoa maji au kipande cha kupima, wala kupasua kupitia kwenye mfuko. Korodani yenye shaka hutolewa nzima kupitia kinenani, kwa sababu ngozi ya mfuko ikiguswa inaweza kufungulia seli za saratani njia mpya ya mitoki. Dawa za miti shamba nazo, hata ukiziamini kwa mengine, hapa zinakula miezi ambayo huna.

Na miezi hiyo ina thamani kubwa, kwa kuwa saratani hii hupona. Tangu dawa ya sisplatini ianze kutumiwa kwa wagonjwa hawa Indiana, Marekani, katikati ya miaka ya 1970, imekuwa mojawapo ya saratani za watu wazima zinazotibika vizuri kuliko zote. Ikikutwa ingali ndani ya korodani, wanaopona ni zaidi ya 95 kati ya 100. Hata ikishafika kwenye mitoki ya tumboni au mapafuni, wengi hupona wakitibiwa ipasavyo. Mwendesha baiskeli Lance Armstrong aligunduliwa mwaka 1996 ikiwa imefika mapafuni na kwenye ubongo, na bado yuko hai. Dawa hizo huwekwa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967. Korodani moja inayobaki ikiwa nzima hutosha kwa homoni na kwa kuzaa. Tatizo la mbegu huja zaidi na dawa, na mtu anayetaka watoto aulize kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya dripu ya kwanza.

Usiache pia kumtazama kaka yako. Mtu aliyewahi kuugua upande mmoja ana uwezekano wa karibu 2 hadi 4 kati ya 100 wa kuugua upande wa pili katika miaka 15 hadi 20 inayofuata. Ni mkubwa kuliko wako, na hapo pia vile vipande vya kurithi vina mchango. Kwa hiyo ajishike kila mwezi kama wewe. Miadi ya miaka miwili ya mwanzo asiikose hata moja, ajisikie mzima namna gani, kwa sababu saratani hii ikirudi mara nyingi hurudi katika muda huo, na picha ya tumbo na vipimo vya damu huiona kabla yeye hajahisi chochote. Akihitaji mtu wa kumsindikiza Mulago, nenda naye, na siku hiyohiyo mchukue mtoto mkamwone daktari wa upasuaji wa watoto.